Karibu Tena, Tumekukumbuka

3 Februari

Mdogo wangu Bisibisi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama hajambo, ila goti la kushoto ndilo lenye manung'uniko. Mwenyewe anasema yeye na goti lake ni watu wawili tofauti, usiwachanganye. Anakusalimu kwa herufi kubwa, kasema niandike hivyo hivyo. Simu bado haitaki. Anasema inampigia kelele sikioni, na akikata hakumbuki hata neno moja. Lakini barua namsomea mara tatu, anaikunja, anaiweka chini ya mto, na wiki inayofuata ananiletea nisome tena. Kwa hiyo andika. Hii anakuja nayo dereva wangu kwenye mkoba wake, mfuate gereji kuu.

Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechefukwa. Hivyo visanduku vyenu vya intaneti ya bure vimefika. Kwenye basi langu kimefungwa juu ya kichwa cha dereva, kina taa ya kijani inayokonyeza siku nzima. Miaka kumi na sita nimekatisha tiketi kwenye njia hii, nilidhani nimeshaona kila uchafu wa binadamu. Kumbe nilikuwa sijaona kitu.

Juzi wa kiti cha kumi na moja alikuwa anaangalia daktari akimkamua mtu jipu. Sauti juu, na huku anakula mkate na yai. Nikamwambia, baba, punguza. Akanijibu bila kuinua macho kwamba anajielimisha. Siku hiyo hiyo mtoto mmoja alitapika. Zamani mtu angetapika, watu kumi wangetoa mifuko, mwingine maji, mwingine ushauri ambao hakuombwa. Safari hii watatu walinyoosha simu wakapiga picha kwanza. Mfuko nilileta mimi, na matapishi nikayafuta mimi, na mmoja akaniambia nisogee kidogo, namzibia.

Na hayo matangazo. Kila anayefungua lazima aangalie la kubahatisha mechi, kisha la mafuta ya kuondoa madoa usoni. Simu hamsini zinapiga kelele tangazo moja, kila moja imechelewa kidogo kuliko mwenzake. Nikishuka jioni bado nalisikia.

Pamoja na hayo yote, kila asubuhi nikishapuliza kipyenga changu nawatangazia abiria: intaneti hii kaiweka mdogo wangu, toka nitoke. Aibu na sifa nazibeba mkono mmoja. Jilinde, ule vizuri.

Dada yako,
Kipyenga

27 Februari

Dada Kipyenga,

Shikamoo, na shikamoo Mama. Msomee polepole, usimrukie mistari kama ulivyokuwa unanirukia mimi vitabu vya shule. Pole ya goti, Mama, pole zote mbili, yako na yake.

Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linaloangalia ukuta, ila ukuta wenyewe umepakwa rangi juzi, kwa hiyo nina mandhari mpya.

Usivilaumu visanduku, dada. Sisi hatukumtuma mtu akaangalie jipu. Tunaleta maendeleo, watu wanaleta tabia zao. Na kuna kitu kimoja nataka ukijue, kwa sababu ni changu. Abiria akifungua mara ya kwanza anajaza jina na namba, kisha anakubali vigezo na masharti. Ni kurasa kumi na tisa, hakuna aliyewahi kuzisoma, hata mimi niliruka za katikati. Mara ya pili haulizwi kitu. Kisanduku kinaitambua simu yenyewe, hata kama mwenyewe ametupa laini na kununua nyingine. Hata asipofungua, ilimradi simu imewashwa, sisi huku tunaona imepandia wapi na imeshukia wapi. Na akifungua anapokewa hivi: KARIBU TENA, TUMEKUKUMBUKA. Maneno hayo nimeyatunga mimi. Meneja aliyasoma mbele ya wakubwa, wakanipigia makofi.

Meneja huyo ndiye aliyenishika mkono tangu nifike. Jumapili alinikaribisha kwake chakula cha mchana. Nyumba safi mpaka unaogopa kukaa. Mke wake ni fundi wa kushona, mpole mno, hakukaa mezani nasi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na bandeji. Nilimuuliza amepatwa na nini, akajibu meneja: ameungua na pasi, huyu hana umakini. Mke akainamisha kichwa, akaniongezea mchuzi. Kisha tukazungumza kazi mpaka saa kumi.

Endelea kunitangaza. Ukitangaza wewe kazini wanasikia.

Mdogo wako,
Bisibisi

9 Aprili

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu, na goti limeomba nalo litajwe. Barua yako ilikaa wiki mbili kwenye mkoba wa dereva chini ya sanduku la nyundo na spana, ndiyo maana nachelewa kujibu. Ile habari ya ukuta Mama kaicheka mpaka akakohoa.

Uchafu unaendelea. Wiki iliyopita nilimkamata kijana anawapiga picha wanawake waliolala midomo wazi, anazirusha mtandaoni na maneno ya kejeli. Nilimgundua kwa sababu alikuwa anacheka peke yake. Nilipomwambia azifute, akaniuliza kama mimi ni polisi. Nikamshusha njiani na mzigo wake. Wewe unasema watu wanaleta tabia zao. Sawa, lakini zamani walikuwa wanaziacha nyumbani.

Ila lipo moja zuri. Wiki tatu zilizopita, basi la saa moja asubuhi, alipanda mama mmoja kabeba kichwa cha cherehani kimefungwa kwenye shuka. Hana begi, hana kikapu. Nikamwambia akiweke kwenye buti, akakataa, akakipakata safari nzima. Nikamwona ameishika simu lakini haifanyi kitu. Unanijua na sifa zako. Nikamwambia, mama, fungua intaneti, ya bure, kaiweka mdogo wangu, wasalimu watu wako. Akasema hataki. Mimi nami nikamng'ang'ania. Akasema laini yenyewe mpya, hamna anayeijua. Nikamwambia lete. Nikaichukua mkononi mwake nikamfungulia mwenyewe, na hapo hapo likatokea neno lako: Karibu tena, tumekukumbuka. Nilicheka nikawaonyesha wa kiti cha nyuma, mnaona, laini mpya na bado inamjua. Yeye hakucheka. Aliizima simu, akaniuliza kama tunasimama popote kabla ya mwisho.

Akashuka Matenki, pale kwenye yale matenki mawili ya maji yasiyo na maji. Sasa kapanga chumba nyuma ya duka la vipuri, na kila Jumanne anapanda na sisi kwenda kununua vitambaa. Amenishonea sketi ya kazi, kiuno kimekaa kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Jamani, anajua kushona. Mkono wake wa kushoto una kovu la ncha ya pasi, limekaa wazi, hata vile vitundu vya mvuke unavihesabu. Lilinikumbusha kitu, nikasahau ni kitu gani.

Andika upesi.

Kipyenga

2 Juni

Dada,

Shikamoo. Shikamoo Mama. Nimechelewa, kazi zimenizidi. Habari njema ni kwamba huenda nikapandishwa cheo, meneja ananitazama kwa jicho zuri. Nimemtumia Mama mafuta ya goti kwa huyu dereva. Apake asubuhi, asiyanywe.

Bisibisi

(karatasi ya pili)

Hii usimsomee Mama. Yule fundi uliyeniandikia, bado yupo Matenki? Nauliza tu.

11 Juni

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu na kukushukuru kwa mafuta. Ameyanusa, kasema yananuka gereji, lakini anayapaka kwa sababu yametoka kwako.

Karatasi ya pili sikumsomea. Lakini jioni ile ile alitaka nimsomee ile barua yako ya Februari. Sasa nilipofika pale kwa mke wa meneja mwenye bandeji, akanishika mkono. Akasema, rudia hapo. Nikarudia. Akasema, si ndiye yule aliyekushonea sketi, uliyenisimulia kovu lake? Mimi barua hii nimekaa nayo miezi miwili, na kovu lile naliona kila Jumanne, na sikuona. Yeye alisikia tu, na akaona. Nilikaa pale kitandani kwake, nikikumbuka nilivyomnyang'anya yule mama simu yake nikamfungulia, tena nikicheka.

Nijibu ulichouliza. Fundi alihama. Sijui alikokwenda.

Sasa nikwambie kitu kingine. Ulipokuwa na miaka saba uliifungua redio ya baba kwa bisibisi, ukashindwa kuirudisha, ukazificha skrubu kwenye kiatu. Baba aliniuliza mimi. Nilikuona kwa macho yangu haya mawili, nikasema sijui. Nikachapwa mimi, wewe ukakaa mlangoni unakula muwa. Sikukudai mpaka leo. Leo nakudai. Mtu akikuuliza jambo huko kazini, hata awe nani, hata awe amekushika mkono tangu ufike, una mdomo wa kusema sijui. Ni neno moja. Nililisema mimi nikiwa na miaka kumi na moja.

Nijibu kwa dereva huyu huyu, akirudi Ijumaa.

Dada yako

30 Julai

Bisibisi,

Mama anakusalimu. Salamu hizi amenipa asubuhi, kabla hajayasikia haya, na sijui nitamwambiaje.

Ijumaa ile dereva alirudi mkono mtupu. Na iliyofuata. Wiki saba. Nilikudanganya kwamba fundi alihama. Nilikwenda mwenyewe kwake nikamwambia hama, mama, nitakutafutia pengine. Akasema ana nguo za sare za shule nzima mezani, anamaliza mwezi huu kisha anaondoka. Simu yake nikamwomba aizime kabisa. Akasema wateja watampataje. Tukaishia hapo.

Jumanne hii tulipofika Matenki, fundi alikuwa amesimama pale na mwanamume wa shati jeupe lililonyooshwa hadi mikunjo inakata, na wengine wawili nyuma yao. Hakubeba kitambaa wala kikapu. Cherehani hakubeba. Yule bwana alinilipa nauli ya wanne, akaniangalia kifuani kwenye kipyenga, akatabasamu. Akasema, wewe ndiye dada wa Bisibisi, nimesikia sifa zako, kijana wetu hodari sana. Mkono wake mkavu, safi, unanukia sabuni. Nikampa mkono wangu. Nimeuosha mara ngapi tangu siku hiyo, sijui.

Walikaa kiti cha kumi na nne, mke dirishani. Bwana akatoa simu ya mkewe, kwenye mfuko wake yeye, akaifungua. Ikaandika yale maneno yako. Akamsogezea kioo usoni ayasome. Akasema kwa upole, sauti ya mtu anayembembeleza mtoto: unaona, hata basi limekukumbuka. Nilikuwa nimesimama hatua moja. Watu arobaini na nane walikuwa ndani ya basi lile, na vichwa vyote vilikuwa chini. Nyuma kuna mtu alikuwa anacheka kitu kwenye simu yake. Kwa mara ya kwanza nilitamani hata mmoja anyooshe kamera.

Kwenye mapumziko ya dakika kumi, bwana na wenzake walishuka kwenda chooni. Mke akabaki. Dereva aliniangalia kwenye kioo, mkono wake ukiwa kwenye gia. Alishaelewa. Kipyenga kilikuwa mdomoni mwangu. Kupuliza tu, tungekuwa tumeondoka, na wale wangebaki pale wamefungua zipu. Nikawaza kazi yangu. Nikawaza kazi yako. Nikawaza goti la Mama na nani atamnunulia dawa. Niliwaza mpaka akarudi, anajifuta vidole kimoja kimoja kwa leso.

Mama yule aliniangalia mara moja tu. Hakuniomba. Hilo ndilo linalonichefua mpaka nashindwa kula: hakuniomba, kwa sababu alishasikia mimi ni dada wa nani.

Ya kwangu nitayabeba. Ya kwako ni haya: niambie si wewe. Andika maneno mawili tu, si mimi. Nitakuamini, na nitamsomea Mama.

Kipyenga

24 Agosti

Dada mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingi kwa Mama. Hatimaye nimepandishwa cheo. Nina ofisi yangu, na dirisha lake linaangalia barabara, Mama, si ukuta tena. Naona watu wanapita. Nitakuja mwisho wa mwaka nikiwa na zawadi.

Bisibisi

(karatasi ya pili, usimsomee Mama)

Umeniandikia kwa hasira, na mimi sikupendi ukiwa na hasira, kwa hiyo nimesubiri zipoe.

Barua yako sikumwonyesha mtu. Nataka ulijue hilo. Nilichompa meneja ni karatasi ya mashine tu: simu, tarehe, imepandia wapi, imeshukia wapi. Matenki, kila Jumanne. Kama nisingeitoa mimi angeitoa wa meza ya pili, na yeye asingejali hata kuuliza. Mimi niliuliza. Alisema wanataka kupatana, kwamba yeye ameumia sana. Alilia, dada. Mwanamume mzima alilia mbele yangu. Ni mke wake wa ndoa. Na kisheria hatujakosea kitu, alikubali vigezo na masharti siku ya kwanza alipofungua, ipo ukurasa wa kumi na mbili.

Tangu wakati huo nimekwenda kwao mara moja. Hakutoka kunisalimu. Meneja alisema amelala. Ilikuwa saa saba mchana. Sikuuliza.

Ningeweza kusema sijui. Nimelifikiria. Lakini redio ile nilikuwa na miaka saba, na sasa nina maisha. Tusilizungumze tena. Mama asijue, moyo wake si wa kuubebesha mambo haya.

5 Septemba

Bisibisi,

Nimepata karatasi zako zote mbili na nimemsomea Mama zote mbili. Usisingizie moyo wake. Ulitaka kuficha uso wako. Nilimsomea polepole kama ulivyopenda, sikuruka mstari. Na yangu nilimwambia, ya kipyenga, yote. Alinisikiliza akiwa ameshika goti.

Sikujibu kwa hasira. Hasira ingekuwa nafuu. Ni kinyaa nilicho nacho, na hakitoki hata nikipiga mswaki. Umeniandikia kwamba mtu alilia. Yule mama ulimwona kwa macho yako kafungwa bandeji, anakuongezea mchuzi, ukamaliza sahani. Kisha unaniletea ukurasa wa kumi na mbili.

Kichwa cha cherehani nilikwenda kukichukua Matenki kabla mwenye nyumba hajakiuza. Mama kasema kiwekwe chini ya kitanda chake. Kila Jumapili ananituma nikipake mafuta, yale yako ya goti, anasema yanafaa zaidi huko. Mwenyewe akirudi akikute kinashona. Nimeshapita mtaa wa meneja wako mara mbili siku zangu za mapumziko, nikaona pazia la dirisha la jikoni limefunguliwa na kufungwa. Nitapita tena. Safari hii nikisimama pale sitawaza kitu.

Na kisanduku cha kwenye basi langu hakifanyi kazi. Waya umekatwa. Mkasi ulikuwa ndani ya shuka la hiyo cherehani, mkali ajabu. Gereji wameandika panya. Nakuomba na wewe huko uandike panya. Abiria wamenitukana siku mbili nzima, wa jipu akadai arudishiwe nauli. Siku ya tatu mtu mmoja akamuuliza jirani yake anashukia wapi.

Utaona bahasha hii ni nene. Mle ndani mna barua zako kumi na moja, zile za chini ya mto. Mama kazitoa mwenyewe, sikumsaidia.

Salamu zake hukuziona pale juu, na sijasahau. Kila ninapokuandikia namuuliza, nimwambie nini mwanao. Safari hii nilimuuliza mara mbili. Mara ya kwanza alinyamaza, nikadhani sikio. Mara ya pili akasema:

"Mwambie nimesikia."

Kipyenga